Yuliana na Mbwa Wasiobweka

Kule Mgeta, upande wa Bunduki, ambako ukungu huingia mpaka jikoni na kulala juu ya majivu, aliishi mwanamke aliyeitwa Yuliana. Watu walimjua kwa mambo mawili: viazi vyake vilikuwa vikubwa kuliko vya majirani, na hakuonekana njiani bila mbwa. Mume hakuwa naye. Aliwahi kuolewa ujanani, mume akaenda kukata mkonge Kimamba, huko akaoa mwanamke mwingine. Yuliana akafunga mzigo wake, akarudi kwa mjomba wake Fransisko, na habari za kuolewa hazikuzungumzwa tena katika nyumba ile.

Fransisko ndiye aliyemlea tangu mdogo, maana kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Alikuwa mwindaji. Nyumbani kwake mbwa walikuwapo kabla ya viti kuwapo, na hawakuwa mbwa wa kawaida, hawa wanaobwekea hata kivuli chao wenyewe. Walikuwa wafupi, kimo cha goti, wenye manyoya mafupi ya rangi ya udongo mwekundu, kifua cheupe, na vidole vyeupe kana kwamba wamekanyaga unga. Masikio yao yalisimama wima. Mkia ulijikunja juu ya mgongo kama mshikio wa kikapu. Katikati ya macho walikuwa na makunyanzi, hata kitoto chao kilichofumbua macho jana kilionekana kama mzee anayewaza shauri la ukoo. Na hawakubweka. Wakifurahi sana walitoa sauti ya ajabu kutoka kooni, ya kupanda na kushuka, kama mwanamke anayepiga kigelegele huku amefumba mdomo. Vinginevyo walinyamaza. Ndiyo maana watu wa Mgeta wakawaita mabubu.

Fransisko alipenda kueleza walikotoka. Alivyosimuliwa na wajomba zake, ukoo wao ulipanda milimani kukimbia vita na wakamata watumwa waliokuwa wakizunguka nyanda za chini, na waliopanda na mbwa wenye kelele hawakufika mbali, kwa sababu mbwa ni yule yule anayekulinda na ndiye anayesema ulipojificha. Waliofika ni wale wenye mbwa wanaonyamaza. Mababu walikaa misituni na watoto wao na mbwa wao, wakawasikia watu wa hatari wakipita bondeni, na hakuna aliyetoa sauti, si mtoto wala mbwa. Baadaye ikaja vita ya Wajerumani na Waingereza, askari wakapita wakitafuta wapagazi na chakula, na mabubu wakanyamaza tena. "Sisi tupo hapa kwa sababu hawa hawana maneno," Fransisko alikuwa akisema, na kudondosha kipande cha ugali chini.

Kwa kuwa hawabweki, walivishwa kengele wakienda kuwinda. Ilikuwa kengele ya mti, iliyochongwa kama kibuyu kidogo kilichopasuliwa, ikafungwa shingoni kwa ukanda wa ngozi. Mkiwa njiani kengele ilijazwa majani ili isilie. Mkifika penye nyayo za nguruwe pori mwindaji aliyatoa majani, na mbwa wakaingia kichakani, na kuanzia hapo mtu alisikiliza tu: kengele ikienda taratibu, mbwa ananusa, ikienda mbio, ameona, ikinyamaza ghafla, kaa tayari na mkuki.

Yuliana alijifunza yote hayo kwa sababu yeye ndiye aliyewalisha. Alijua kwamba wanajilamba mwili mzima kama paka na hawanuki. Alijua kwamba wanachukia mvua, jambo la kuchekesha kwa mbwa waliozaliwa Uluguru, na kwamba tone la kwanza likianguka unawakuta wote chini ya kitanda. Alijua ni wezi, wanafungua chungu kwa pua na kukifunika tena. Alijua huwezi kuwaamrisha. Ukimwita bubu, anakutazama usoni kwanza, anafikiri, kisha anakuja au haji. Na alijua kwamba jike lao hutaka dume mara moja tu kwa mwaka, miezi ya baridi, si kama mbwa wengine. Ukikosea wakati huo umeukosa mwaka.

Katika familia hiyo kulikuwa na jambo moja ambalo halikutajwa mbele ya Fransisko, nalo lilihusu mdogo wake. Yuliana alipokuwa msichana anayefundishwa katekisimu, mdogo huyo, aliyebatizwa Andrea, alishuka upande wa mashariki wa mlima, akapata mke wa Kiislamu karibu na Mkuyuni, akasilimu na kuitwa Rehani. Hilo Fransisko angeweza kulisamehe. Asilolisamehe ni kwamba Andrea alipoondoka, dume bora kuliko wote, mbwa aliyeitwa Tarishi, aliondoka siku hiyo hiyo. "Ameniibia," alisema Fransisko, na hakusema tena zaidi ya hapo. Ndugu wawili wa tumbo moja hawakuonana tangu siku hiyo, ingawa kati yao ulikuwa mlima mmoja tu.

Basi Fransisko akafa, Kwaresima ya mwaka ule wa Operesheni Vijiji. Kwa mila, mali ya mjomba ilikuwa ya kaka yake Yuliana, lakini kaka alikuwa na kazi mjini Morogoro na chumba kimoja cha kupanga, na mbwa hakuwataka. Akachukua mkuki kwa ajili ya kumbukumbu, akamwachia dada shamba na wanyama. Wakati huo mabubu walikuwa wamebaki watatu, wote majike. Chui akamchukua mmoja kule ukingoni mwa msitu. Mwingine alikuwa mzee, akalala jioni moja kwenye jua la mwisho na hakuamka. Akabaki jike mmoja, Sinaneno.

Jina hilo alimpa Fransisko, kuwajibu majirani waliosema kwamba anawapenda mbwa kuliko watu. Jike alikuwa na kovu kwenye sikio la kushoto na tabia ya kulala na miguu yote minne juu. Naye alikuwa ameanza kuota mvi kidevuni. Tangu madume yaishe hakuwahi kuzaa, na kila mwaka Yuliana alipata kazi ya kumfungia ndani wakati wake ukifika, kwa sababu mbwa wa kijiji kizima walikuja kubweka mlangoni. Hakuwachukia. Ila alijua kwamba akizaa na hao, watoto watabweka, na kile kilichopandishwa mlimani na mababu kitaishia jikoni kwake.

Mwezi wa sita ulipofika, na baridi ile inayofanya vidole vikatae kushika jembe, aliona dalili kwa Sinaneno. Akaketi naye kwenye kizingiti, akamtazama makunyanzi yake, akaona kwamba huenda huu ndio mwaka wa mwisho, na kwamba dume bubu, kama alibaki popote, angekuwa wa uzao wa Tarishi. Asubuhi akaenda kwa balozi wa nyumba kumi, Kasiani.

"Ndugu Balozi, naomba ruhusa. Nakwenda upande wa Mkuyuni."

"Wiki hii? Wiki hii tunavuna maharage ya shamba la kijiji," alisema Kasiani. "Kuna msiba?"

"Hapana. Nampeleka mbwa kwa mumewe."

Kasiani alimtazama kuona kama anatania. Alikuwa mtu mwema aliyependa mambo yaende kwa utaratibu, na katika utaratibu wake hakukuwa na mahali pa jambo hili. "Nitasema nini kwenye mkutano?"

"Sema mwaka jana nguruwe walikula viazi vya kijiji mpaka mizizi. Sema Yuliana amekwenda kutafuta dawa."

Kasiani akakuna shingo. Viazi vile alivilinda yeye mwenyewe kwa debe na fimbo, na nguruwe walikuwa wamemzoea. "Nenda," akasema hatimaye. "Lakini ukirudi utavuna peke yako mistari yako."

Alijaribu kwanza basi la Morogoro, kwa sababu kutoka mjini kuna barabara mpaka Mkuyuni. Kondakta alimwona Sinaneno akakataa. Mjini kulikuwa na kichaa cha mbwa, alisema, na mbwa yeyote anayeonekana anapigwa risasi. Yuliana hakubishana. Akafunga mahindi ya kuchemsha na chumvi kwenye kitambaa, akachukua panga, akashika njia ya miguu inayopita pengo la Bunduki na kushuka upande wa pili, njia ambayo huenda ndiyo aliyopita Andrea.

Juu kwenye pengo mvua iliwakuta. Sinaneno alikaa chini katikati ya njia, akakunja mkia, akamtazama Yuliana kwa namna iliyoonyesha kwamba safari hii haikuwa wazo lake. Yuliana alimbembeleza, alimvuta, alimwahidi nyama. Mwisho alichukua kanga ya pili, akambeba mgongoni kama mtoto na kumfunika kichwa. Mbwa akatulia, akaweka pua begani, na kwa sehemu kubwa ya siku wakashuka hivyo, Yuliana ameinama na joto la mnyama mgongoni.

Karibu na Kibungo alikutana na mama mmoja mwenye mzigo wa ndizi, ambaye kwa adabu alisimama kusalimia.

"Poleni na mvua. Mtoto hajambo?"

"Hajambo, mama, amelala."

"Wa kike?"

"Wa kike."

Mama yule akainua ncha ya kanga ili ambariki mtoto, akakutana na makunyanzi na macho mawili ya kahawia. Akaishusha kanga taratibu. "Amefanana na baba yake," akasema, akaendelea na safari yake. Yuliana alicheka peke yake mpaka mtoni, na ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu mazishi.

Alilala Matombo, katika jiko la mjane aliyemfahamu kupitia misheni, na kesho yake akaendelea kushuka. Hewa ikabadilika. Kabichi na njegere zilikuwa zimebaki nyuma. Huku ilikuwa migomba, minanasi na minazi, na jasho. Alipouliza kwa mzee Rehani alielekezwa kwenye mgongo wa kilima juu ya mto. Alipofika huko alikuta nyumba zisizo na paa. Watu wote walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya kando ya barabara, mabati na milango wameondoka nayo, na kuta za udongo zilikuwa zimeanza kuyeyuka. Aliyemwelekeza alikuwa amesahau kumwambia hilo, au alidhani kila mtu anajua.

Lakini kwenye kizingiti cha nyumba moja aliketi mbwa.

Alikuwa na rangi ya udongo mwekundu na vidole vyeupe. Aliinuka bila sauti, akainamisha kichwa upande mmoja, na makunyanzi yakajaa usoni kama maji yanayotikisika. Yuliana alisimama. Alidhani alikuja kutafuta dume, na mbele yake alikuwa anaona mbwa wote wa utotoni mwake. Akafungua kanga, akamshusha Sinaneno. Mabubu wawili wakasogeleana kwa hatua za polepole, pua kwa pua, kisha wakaanza kuzungukana, na dume akatoa ile sauti ya kooni, ya kupanda na kushuka, ndani ya nyumba isiyo na paa.

Hapo ndipo alipokuja mzee, amevaa kofia nyeupe na shuka, akipanda kwa shida, ameshika kifuu cha nazi kilichofungwa kwenye ncha ya fimbo ndefu. Ndani ya kifuu mlikuwa na wali.

"Shikamoo, Mjomba," alisema Yuliana.

"Marahaba." Mzee alikuwa anamtazama Sinaneno, si yeye. "Nani wewe unayeniita mjomba, na huyo umemtoa wapi?"

"Mimi Yuliana, mtoto wa dada yako Martina."

"Martina alikuwa na mtoto anayekula udongo."

"Ndiye mimi. Niliacha."

Mzee Rehani aliketi juu ya jiwe. Akanyoosha fimbo na kumimina wali mbele ya mbwa, akiwa mbali nao, kama mtu aliyezoea. Alieleza, bila kuulizwa, kwamba sheikh wao alimruhusu kumfuga mbwa wa kuwinda na kulinda shamba, mradi asiingie anaposwalia na mate yake yasimguse. Kwa hiyo tangu asilimu hajamshika mbwa kwa mkono. Nguruwe wanaouawa huwapa Wakristo wa Matombo, ambao huja kuwachukua kwa furaha na kuacha shukrani. Kijiji kilipohamishwa alimleta mbwa barabarani kwa kamba. Akatafuna kamba, akarudi huku. Akaletwa tena, akarudi tena. "Sasa mimi ndiye ninayepanda kila siku. Mke wangu anasema nina nyumba ndogo kilimani."

"Anaitwa nani?"

Mzee alitikisa kifuu, punje za mwisho zikaanguka. "Yaishe," alisema. "Nilimwita hivyo nikitumaini kuna mtu atalipeleka jina mpaka Mgeta. Pale sokoni Morogoro watu wa ndizi hukutana na watu wa kabichi. Lakini nadhani hawaongei habari za mbwa."

Yuliana akaketi chini, akamwambia habari za Fransisko. Rehani alikuwa amezisikia. Dereva wa lori la ndizi alimletea, lakini alipozipata matanga yalikuwa yamekwisha. "Nikasema nitakwenda na uso gani? Ningefika wakati kila mtu anafuta machozi, nao wangeuliza huyu mwizi anatafuta nini."

"Mjomba alisema ulimchukua Tarishi."

"Sikumchukua. Alinifuata. Nilimrudisha toka Kibungo, nikampiga hata mawe, Mungu anisamehe. Akanikuta Matombo. Pale nikamfunga kwa katekista nikamwomba amrudishe kwa kaka. Nilipofika huku nikamkuta kwenye njia amenitangulia, na kipande cha kamba shingoni. Huku watu walikuwa na majike mabubu pia, na Yaishe ni kitukuu wake wa mwisho." Alizungusha kifuu mikononi. "Nilimwagizia kaka maneno hayo. Hakuyaamini. Ungekuwa wewe ungeyaamini?"

"Nayaamini," alisema Yuliana. "Nimeishi nao. Ukimfunga anakuona mjinga."

Mzee akageuza uso upande wa bonde, na Yuliana akajifanya anamkagua mbwa kupe.

Akakaa kwao, kwenye nyumba mpya kando ya barabara, na mke wa mzee, Mama Pili, alimpokea kama mtoto aliyechelewa kurudi. Kila siku Yuliana alipanda kilimani na mzee. Lile alilolijia lilitimia bila msaada wa mtu. Zikapita siku, naye akaanza kufikiria maharage yake, ndipo wanakijiji walipokuja kusema kwamba nguruwe wameingia kwenye mahindi ya ujamaa kando ya mto, na ikiwa mzee ana mbwa wawili sasa, kwa nini wanakula wali wa bure?

Walikwenda asubuhi, umande ukiwa bado mzito. Kutoka Matombo alikuja Lukasi, mkulima mpana wa mabega ambaye ndiye aliyezoea kuchukua nyama, pamoja na wenzake wenye mikuki, wakajipanga upande wa mto. Mzee alitoa majani kwenye kengele kwa ncha ya kijiti. Yuliana alizoea kufanya hivyo kwa vidole, na alipomaliza kwa Sinaneno alimpiga kofi dogo la matako, kama alivyokuwa akifanya Fransisko. Mabubu wakaingia kwenye matete.

Kwa muda ilisikika kengele moja huku na nyingine kule, polepole. Yuliana alifumba macho ili asikie vizuri. Kisha kengele zikaanza kukimbia, zikakaribiana, zikawa sauti moja ya mti ukigonga mti, na matete yakapasuka. Dume la nguruwe lilitoka, jeusi kwa tope, na Sinaneno nyuma yake akiuma na kuachia, akiuma na kuachia, kama alivyofundishwa na mama yake. Mbwa mzee huwinda hivyo, kwa akili. Lakini Yaishe alikuwa kijana, na alikuwa na mtu wa kumwonyesha. Akazunguka mbele. Nguruwe alitupa kichwa mara moja tu. Mbwa akaruka hewani, akaanguka kwenye matete, na kengele yake ikanyamaza.

Lukasi na wenzake walimaliza kazi kwa mikuki. Yuliana hakuitazama. Alikuwa anakimbia kuelekea pale alipoanguka Yaishe, lakini mzee alimtangulia. Rehani, aliyepanda kilima kwa kupumzika kila baada ya mti, alipita kwenye matope mbio na shuka yake mkononi. Mbwa alikuwa amelala na ubavu uliofunguka, akijaribu kuulamba. Mzee akapiga magoti. Akaweka mikono yote miwili chini yake, akamwinua kifuani, damu ikamwagikia kanzu, na Yaishe, kwa maumivu au kwa shukrani, akamlamba mkono, na kidevu, na shavu. Mzee hakugeuza uso. "Basi, baba," alikuwa akisema. "Basi, baba. Nipo." Alimbeba hivyo mpaka barabarani, na watu waliokutana naye njiani wakampisha.

Mama Pili alichemsha maji ya chumvi. Yuliana alishona jeraha kwa sindano na uzi wa kushonea magunia, mzee akishika kichwa cha mbwa, na mbwa akatetemeka lakini hakulia. Walipomaliza, Rehani alikwenda nyuma ya nyumba. Yuliana alimwona akichukua udongo safi na kujisugua mikono na uso, kisha akimimina maji, mara nyingine, mara nyingine, mpaka zikatimia saba. Akavaa kanzu safi. Kisha akarudi, akaketi mahali pale pale, karibu na mbwa, mbali kidogo.

"Nikiulizwa kesho mbele ya Mungu kwa nini nilimshika," alimwambia Yuliana, "nitasema alikuwa anaumia. Naye anajua maji yalikuwa yapo."

Yaishe alipona, ingawa mguu wa nyuma ulibaki kuchechemea, na kwa kuwa hakuweza tena kupanda kilima alikubali kukaa kwenye kibanda nyuma ya nyumba mpya. Majirani waliolalamikia wali wa bure hawakulalamika tena, kwa sababu walikuwa wanakula mahindi. Yuliana alirudi Mgeta kwa njia ile ile, safari hii jua likiwaka, na Sinaneno akatembea kwa miguu yake mwenyewe. Mistari ya maharage ilikuwa inamsubiri kama Kasiani alivyosema. Aliivuna peke yake, hakunung'unika.

Mwezi wa nane Sinaneno alizaa chini ya kitanda. Walikuwa watano, na wa tano alikuwa mdogo sana hata Yuliana akamweka ndani ya blauzi yake siku nzima, akapalilia naye, akapika naye, akaenda naye kanisani Dominika na kukaa benchi la nyuma. Cecilia, jirani aliyekaa karibu naye, alisikia kitu kinakwaruza wakati wa mahubiri, akatazama, akasogea kumpa nafasi. Wote watano waliishi. Hakuna aliyebweka. Wakati wa mvua wote walikuwa chini ya kitanda.

Mvua za vuli zilipokuwa zinakaribia, mzee Rehani alipanda mlima. Alitembea polepole, akilala njiani kwa watu, na alipofika alikuwa anatetemeka kwa baridi aliyokuwa ameisahau. Yuliana alimvalisha koti zito la Fransisko. Lilimtosha kabisa. Akampeleka makaburini, juu ya ngazi za mashamba, ambapo msalaba wa mti ulikuwa umeinama kidogo kwa upepo. Mzee aliunyoosha kwanza, akagandamiza udongo kwa mguu, kisha akainua viganja na kusoma Fatiha. Yuliana alifanya ishara ya msalaba kando yake. Halafu mzee akaanza kuongea na kaburi, kwa Kiluguru, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayemweleza kaka yake jinsi safari ilivyokuwa, na Yuliana akasogea mbali asisikilize.

Mzee alikusudia kukaa siku chache, akakaa mpaka maharage yakachipua. Alilalamikia baridi kila asubuhi. Alimfundisha Kasiani kutega nyavu ukingoni mwa shamba la kijiji, na Kasiani alimwita "Ndugu Mzee" na kumletea kuni. Watoto wa mbwa walikuwa wamepewa wenyewe: mmoja kwa Cecilia, mmoja kwa shamba la kijiji, na wawili Yuliana alikataa kuwaachia kwa mtu yeyote, kila alipoombwa akitoa sababu mpya. Yule mdogo, wa blauzi, alikuwa jike, naye ndiye Yuliana aliyemchagulia mzee.

Siku ya kuondoka alimsindikiza mpaka kwenye pengo. Mbwa alikuwa ndani ya kikapu chenye majani makavu, masikio tu yanaonekana. Mzee alivua koti akataka kulirudisha, Yuliana akakataa, wakabishana juu ya hilo kwa muda, mwisho akalivaa tena.

"Mwakani baridi ikianza nitakuletea huyu atafute mume," alisema mzee, "kama nipo."

"Usipokuwepo nitamfuata mwenyewe, Mjomba. Njia naijua."

"Na Mama Pili atakuchinjia kuku."

"Mwambie asimchinje yule mwekundu, anataga vizuri."

Akaanza kushuka. Yuliana alisimama pale mpaka kofia nyeupe ikapotea kati ya miti, akasubiri kidogo zaidi, kisha akageuka kurudi nyumbani, maana viazi vilikuwa bado havijapandishiwa udongo na mawingu yalikuwa yanajikusanya juu mlimani, upande wa tambarare ya Lukwangule.